Pengo la Maandishi na Vipindi vya Fasihi: Kutoka Catalonia hadi Makwasinyi

Historia ya fasihi ya Kikatalani husimuliwa kwa mazoea kama kuanguka na kuinuka. Karne ya 16 hadi ya 18, tangu enzi ya Renesansi, hupewa jina Decadència, yaani udororaji. Kisha, kwa shairi la Aribau la mwaka 1833, huja Renaixença, yaani kuzaliwa upya, na mwishoni mwa karne ya 19 Modernisme. Mgawanyo huu ni zao la Renaixença yenyewe: aliyedai kufufua alihitaji maiti. Hata hivyo, amri ya 1716 iliyokiondoa Kikatalani katika mahakama kuu haikuwanyamazisha wanavijiji. Nyimbo simulizi alizozichapisha Milà i Fontanals mwaka 1853 zilikuwa zimeishi vinywani mwao.

Makwasinyi, chini ya mlima Kasighau, inaipima hoja hiyo. Mhakiki anayefuata maandishi pekee ataanza na sarufi ya Wray (1894), iliyohusu lahaja ya Sagalla, kisha arukie vitabu vya Kiswahili vya shuleni. Lakini mwaka 1915 Waingereza waliwahamishia Wakasighau Malindi, wakiwashuku kuwasaidia Wajerumani. Walionusurika walirejea katika miaka ya 1930. Kwa kigezo cha kitabu, miaka hiyo ni pengo. Kwa kigezo cha usimulizi, ni chimbuko: habari za uhamisho zimepokezwa kwa mdomo hadi kwa wajukuu. Kwa hiyo historia ya fasihi ya Wataita haina budi kuuhesabu mwaka 1915 kuwa mpaka wa kipindi, ingawa hakuna kitabu kilichoutangaza.