Mswada Usio na Mrithi

Wahakiki wetu wamezoea kuihukumu hadithi ya upelelezi kama hakimu anayetoa hukumu bila kumsikiliza mshitakiwa. Kitabu hufunguliwa, bastola zikahesabiwa, warembo wakahesabiwa, chupa za pombe zikahesabiwa, kisha muhuri ukagongwa: fasihi pendwa, yaani kitu cha kupotezea wakati ndani ya basi. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini hukumu hii hutolewa kwa wepesi namna hiyo. Jibu nililolipata halimo katika nadharia za fasihi. Limo katika makaratasi. Mwandishi wa hadithi za kusisimua hutufikia akiwa na kitabu tu mkononi. Rasimu zake, barua zake, daftari alimopangia kisa, kurasa alizozichana, vyote hivyo hubaki nyuma yake na kupotea. Na mtu asiye na karatasi ni rahisi kumsingizia kwamba hakufikiri.

Wenzetu wa nje wamefanya vingine. Chukua mfano wa Mmarekani Erle Stanley Gardner, aliyezaliwa mwaka 1889 na kufariki mwaka 1970. Alikuwa wakili, akaanza kuandika hadithi kwa ajili ya magazeti ya bei nafuu, yale yaliyochapwa kwenye karatasi duni na kutupwa baada ya kusomwa. Mwaka 1933 akamtoa wakili wake wa kubuni, Perry Mason, akamwandikia riwaya zaidi ya 80. Kuanzia mwaka 1943 hadi 1955 Perry Mason alisikika pia redioni. Hakuna profesa aliyemweka Gardner katika safu moja na Shakespeare. Hata hivyo, karatasi zake zimehifadhiwa katika kituo cha Harry Ransom cha Chuo Kikuu cha Texas, mjini Austin, na wingi wake ni wa kutisha. Miongoni mwake mna magurudumu ya karatasi aliyokuwa akiyazungusha ili kupata vikwazo na mageuko ya visa vyake.

Magurudumu hayo yanatufundisha nini? Mtu mwenye haraka atasema: naam, ushahidi umepatikana, huyu alikuwa fundi mashine tu. Mimi naona kinyume chake. Mtu anayekaa chini kujitengenezea chombo cha kufikiria ni mtu anayeiheshimu kazi yake. Msomaji aliimaliza riwaya kwa usiku mmoja kwa sababu kuna mwingine aliyekesha siku nyingi akiondoa visiki njiani. Urahisi wa kusoma ni matokeo ya ugumu wa kuandika, na ugumu huo hauonekani kitabuni. Huonekana katika karatasi zilizotangulia kitabu.

Sasa turudi nyumbani. Muhammad Said Abdulla wa Makunduchi, Unguja, aliyezaliwa mwaka 1918, alikuwa mkaguzi katika idara ya afya kabla ya kuingia uandishi wa habari mwaka 1948. Hadithi yake ya Mzimu wa Watu wa Kale ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya mwaka 1957/58 yaliyoandaliwa na East African Literature Bureau, ikachapishwa mwaka 1960. Humo akatuletea Bwana Msa na kiko chake. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla akatoa Simu ya Kifo, na Bara nayo ikapata mpelelezi wake, Inspekta Wingo. Mwaka 1974 Elvis Musiba akamleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona. Vitabu hivi vilisomwa na makarani, madereva, wanafunzi na askari, tena vilisomwa hadi majalada yakang'oka. Ni mikono mingapi ingepita katika kitabu kimoja kama kingekuwa takataka?

Tazama maswali ambayo karatasi zingeweza kuyajibu. Kila mhakiki husema Bwana Msa ni mtoto wa Sherlock Holmes. Haya, tukubali. Lakini mtu aliyetembea miaka 10 akikagua nyumba za watu kwa ajili ya afya, akiangalia uchafu uliofichwa na kusikiliza visingizio vya wenye nyumba, hakuhitaji kwenda London kujifunza kuchungua. Je, katika ubunifu ule sehemu ya Holmes ni ipi na sehemu ya mkaguzi wa afya ni ipi? Kitabu peke yake hakisemi. Rasimu ya kwanza, yenye mistari iliyokatwa, ingesema.

Si kwamba nchi yetu haikuwahi kuthamini miswada. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina hazina ya miswada ya Kiswahili, nyingi yake ya tenzi na mashairi ya kale kwa herufi za Kiarabu, na waliozikusanya walifanya kazi ya kushukuriwa. Tuna Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 inayolinda majalada ya serikali. Utenzi wa kale, kwa hiyo, una mlinzi, na barua ya mkuu wa wilaya ina mlinzi. Lakini daftari la mtu aliyewafanya watu elfu wakeshe na kibatari hubaki mikononi mwa jamaa zake, na jamaa hao hawajaambiwa na mtu yeyote kwamba kile ni kitu.

Hapa Morogoro tuna somo lililo karibu zaidi. Pale Mazimbu, chini ya milima yetu, wapigania uhuru wa Afrika Kusini walikuwa na shule yao ya Solomon Mahlangu hadi walipoikabidhi kwa serikali yetu mwaka 1992. Walipoondoka walituachia majengo, wakaondoka na karatasi zao. Leo zimo katika Chuo Kikuu cha Fort Hare huko kwao. Walijua kipi kizito kati ya ukuta na karatasi. Nami hucheka kidogo nikikumbuka kwamba Kufa na Kupona inahusu nyaraka za siri za wapigania uhuru zilizoibwa. Willy Gamba alivuka mpaka na kuhatarisha roho yake kwa ajili ya nyaraka. Za mtu aliyembuni Willy Gamba, nani atazivukia mpaka?

Wakati mwingine anayehitajika ni ndugu mmoja tu. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, lakini mwaka 2002 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha barua alizomwandikia ndugu yake, Yusuf Ulenge, kati ya mwaka 1931 na 1958. Tunazisoma kwa sababu kuna mkono ulioziweka. Bila mkono huo, tungekuwa na mshairi wa vitabuni tu, asiyekuwa na mtu wa kumwandikia.

Naandika haya nikiwa Kinole, na hapa neno kurithi si neno jepesi. Sisi Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Shamba la ukoo hutoka kwa mjomba likaenda kwa mpwa. Hapa hapa Kinole ndipo penye kiti cha akina Kingalu, na jina hilo hupokezanwa, akiondoka mmoja akaingia mwingine, jina likabaki hai. Mjomba wangu alipofariki, baada ya arobaini wazee walikaa wakagawa migomba, michungwa na pilipili manga kwa utaratibu unaojulikana na kila mmoja. Hapakuwa na ubishi. Ubishi ulikuja kwenye madaftari.

Mjomba alikuwa akiandika michezo ya redio. Wakati ule redio ilikuwa ni Radio Tanzania Dar es Salaam, na jioni za Pwagu na Pwaguzi nyumba yenye betri nzima ilijaa majirani. Yeye alisikiliza kama fundi anavyotazama meza ya fundi mwenzake. Aliandika, akanakili kwa mwandiko safi, akapeleka posta mjini. Madaftari ya rasimu yalibaki kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Mwenye genge aliyaomba afungie bizari, na kwa kweli wako waliosema apewe, kwani karatasi hailimwi wala hailiwi. Mimi, kwa kuwa ni mpwa, nikasema kama nimepewa michungwa, basi nipewe na sanduku.

Nimeyasoma yote. Sitayasifu kwa sababu ya damu. Mengi ni ya kawaida: mlevi anaanguka mtaroni, mke mkali, mganga mwongo. Lakini lipo moja linalohusu wizi wa magunia ya kahawa, na limeandikwa mara tatu. Katika rasimu ya kwanza, mwizi anakamatwa na mwenyekiti wa kijiji anatoa hotuba ndefu ya maadili. Katika rasimu ya pili hotuba imekatwa yote kwa mistari miwili ya kalamu nyekundu, na pembeni ameandika: "mvua juu ya bati, kisha mlango unafungwa." Mwizi ni mtoto wa mwenyekiti, baba hasemi kitu. Mtu anayesikiliza gizani angeielewa mvua ile kuliko hotuba yoyote. Katika nakala ya tatu, ile safi, hotuba imerudi neno kwa neno.

Mhakiki mwenye nakala safi peke yake angesema: huyu ni mtunzi wa mahubiri, hajui sanaa ya redio. Angekosea. Mjomba aliijua, aliigusa, kisha akairudisha mfukoni, kwa kuwa alidhani wakubwa wangetaka hotuba. Hilo ni jambo kubwa kuhusu zama zile na kuhusu waandishi wengi wa zama zile, na halimo katika kazi iliyokamilika. Limo katika kalamu nyekundu.

Najua kuna atakayesema: si kila mchoro wa kila mtu uwekwe maktaba, tutajaza nyumba. Ni kweli, na kuchagua ni lazima. Lakini anayechagua ni yule aliye na vitu mbele yake. Sisi bado hatujachagua. Mchwa na unyevu wa mlima huu ndio wanaotuchagulia, na hao hawasomi.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Ewe mwenye mjomba, baba au shangazi aliyekuwa akiandika, usingoje chuo kije. Toa madaftari chini, yainue juu ya ubao, yaanike kivulini, andika jina na mwaka juu ya jalada. Mwombe kijana mwenye simu ayapige picha ukurasa kwa ukurasa, na yale yaliyokatwa ayapige pia, tena hayo kwanza. Kisha mwite mpwa wako na umwambie mbele ya wazee kwamba sanduku hili lina mwenyewe. La kwangu nimekwisha kulisemea. Nimemtajia mtoto wa dada yangu mbele ya mashahidi wawili, baada ya kumwonyesha ile mvua juu ya bati, na akaniuliza kwa nini iliondolewa. Mtu anayeuliza swali hilo amekwisha kuwa mhakiki.