Fundi Anayetafuta Maji

Katika kazi zote za gereji, ninayoiheshimu kuliko zote ni ya kutafuta maji yanayopotea. Gari halidondoshi kitu chini, injini inanguruma vizuri, lakini kila baada ya siku chache chupa ya akiba iko tupu na mwenye gari anaongeza tena. Hapo ndipo fundi hujulikana. Hakuna kilichovunjika ambacho angeweza kukionyesha kwa kidole. Kuna upungufu tu, naye hana budi kuufuata mpaka chanzo chake.

Nairobi ni mji mgumu kwa rejeta. Katikati ya jiji tuko takriban mita 1,660 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi kiasi kwamba maji ya sufuria iliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100 kama Mombasa. Injini nyingi nazo hufanya kazi kwenye nyuzi 80 hadi 90 na zaidi, kwa hiyo nafasi iliyobaki ni finyu mno. Kinachotuokoa ni kifuniko cha rejeta. Springi yake hubana presha ndani, na kwa kile chenye alama 0.9, kilichozoeleka katika magari mengi ya Kijapani, maji hayachemki hadi yavuke nyuzi 110. Springi hiyo ikilegea, gari lililotoka mjini jioni, likakwama Westlands, kisha likaanza kupanda Waiyaki Way kuelekea Kangemi na Kikuyu, hutema maji kidogo kidogo kupitia mpira wa chupa. Asubuhi hakuna alama chini. Makanika wa pupa hukiruka kifuniko hicho kwa sababu ni kidogo na bei yake ni ndogo.

Fundi hodari huanza kwa kuuliza. “Mama, maji unaongeza asubuhi au baada ya safari? Yanaisha zaidi kwenye foleni au ukienda mbali? Injini imewahi kufunguliwa?” Kila jibu lina uzito. Kuna maungio yanayovuja injini ikipoa tu, chuma na plastiki vinaponywea. Gasketi ya hedi iliyoanza kuchoka, kwa upande mwingine, mara nyingi hujifichua injini inapobeba mzigo mlimani. Akishasikia, husubiri injini ipoe kabisa. Kifuniko kinachofunguliwa injini ikiwa moto kimeunguza nyuso na mikono ya watu wengi.

Kisha huunganisha pampu ya mkono ya kupimia, akasukuma hewa mpaka mshale ufike presha ile ile ya kifuniko, akaiacha. Mimi naona uzuri wote wa kazi hii uko hapo, katika kuutazama mshale ambao huenda ukakaa kimya kwa muda mrefu. Wakati huo huo anapita na tochi. Hatafuti tone; anatafuta ukoko mweupe, wa kijani au wa waridi ambao kulanti huacha ikikauka. Anaangalia pale tangi la plastiki linapobanwa na aluminiamu ya rejeta. Anaangalia chini ya pampu ya maji, ambako watengenezaji wameacha tundu dogo makusudi, ili sili ikichakaa maji yatoke hapo na kutoa habari. Mvujo ukiangukia bomba la moshi lenye moto hugeuka mvuke na kutoweka.

Halafu anapiga magoti na kubonyeza zulia la abiria. Hapa kwetu wengi huwasha hita mwezi wa Juni na Julai tu, basi rejeta ndogo ya hita inaweza kuvuja kwa miezi bila mtu kujua, isipokuwa kwa harufu tamu na ukungu mzito kwenye kioo. Utamu huo ni hatari: kulanti ya kawaida ni sumu kwa watoto na mbwa, na fundi makini huikinga kwenye beseni, haimwagi mtaroni.

Mshale ukishuka na nje kote ni kukavu, maji yanaingia ndani ya injini. Hufungua plugi zote na kuzipanga. Ile iliyosafishika kuliko wenzake huenda ndiyo ya silinda inayomeza maji. Huweka mdomoni mwa rejeta kichupa cha dawa ya buluu, na hewa ya mwako ikipenya humo dawa hugeuka manjano. Ni hapo tu ndipo hedi hufunguliwa, ikapimwa kwa rula ya chuma kama imepinda.

Njia ya pili, ya kubahatisha, tunaijua sote. Leo rejeta, wiki ijayo thamostati, mwezi ujao pampu, na kila mara mwenye gari anatumwa kununua spea Kirinyaga Road, ambayo wengi bado wanaiita Grogan. Au anamiminiwa dawa ya kuziba, au yai, vitu ambavyo huziba pia mirija myembamba ya rejeta na hita. Silaumu uvivu peke yake. Sisi wateja tumezoea kulipia kitu kinachoshikika: tukionyeshwa spea mpya tunatoa pesa, tukiambiwa fundi ameshinda akitafuta tunaanza kubishana. Kwa hiyo fundi wa Kawangware mwenye subira hupata kidogo kuliko jirani yake anayebahatisha, na vijana wanaojifunza chini yao wanaliona hilo.

Gari lako likianza kumaliza maji, usikimbilie duka la spea. Mtafute fundi mwenye pampu ya kupimia, mwachie gari usiku injini ipoe, umweleze ukweli wote anaouliza, na umlipe saa zake kikamilifu hata kama alichobadilisha ni klipu moja ya mpira.