Mabaki ya Faili za Muda za Word: Kusoma Jina Kabla ya Kufuta

Waraka unapofunguliwa katika Microsoft Word, programu hiyo huunda pembeni yake faili za muda, yaani faili ambazo programu yenyewe inatarajiwa kuzifuta waraka unapofungwa kwa utaratibu. Umeme ukikatika, kompyuta ikiganda au flashi ikichomolewa mapema, faili hizo hukosa wa kuzifuta na hubaki ndani ya folda. Wengi hushauri zifutwe zote kwa mkupuo, na ushauri huo ni wa hatari, kwa kuwa kazi za faili hizo hazifanani na mojawapo huenda ikawa ndiyo nakala pekee ya kazi ya mtu iliyosalia.

Isiyo na madhara ni faili ya mmiliki, ambayo jina lake huanza na alama za ~$. Waraka uitwao «Barua ya Maombi.docx» huzaa faili iliyofichwa yenye jina «~$rua ya Maombi.docx», kwa sababu alama hizo mbili huchukua nafasi ya herufi mbili za mwanzo. Faili hiyo, ambayo kwa kawaida ina baiti 162 tu, haibebi neno hata moja la waraka. Hubeba jina la mtumiaji aliyeufungua, ili mwingine akijaribu kuufungua aambiwe kwamba unatumika na nani. Ikibaki baada ya hitilafu, waraka huonekana umefungiwa na mtu ambaye pengine alishaondoka ofisini, na dawa yake ni kuhakikisha kwanza kupitia Task Manager kwamba hakuna Word inayoendelea kufanya kazi chinichini katika kompyuta ya mtu huyo, kisha kuifuta faili hiyo.

Faili za aina ya ~WRD0000.tmp na ~WRL0001.tmp zinahitaji uangalifu zaidi. Majina yake yana herufi 8 na kiendelezi cha herufi 3, kipimo kilekile cha majina ya faili katika mfumo wa zamani wa MS-DOS, nayo hutokana na namna Word inavyohifadhi. Badala ya kuandika juu ya faili iliyopo, Word huandika toleo jipya zima katika faili ya ~WRD, hulipa toleo la zamani jina la ~WRL, huipa ile mpya jina halisi la waraka, na mwishowe hufuta ya zamani. Utaratibu huu ni wa busara kubwa, kwani wakati wote wa kuhifadhi kuna angalau toleo moja kamili diskini.

Kwa hiyo mabaki huonyesha kazi ilikatikia wapi. Ikiwa ~WRL imebaki kando ya waraka wenye jina lake, uhifadhi ulikamilika na kilichokosekana ni ufutaji tu, hivyo faili hiyo ina toleo lililotangulia. Ikiwa iliyobaki kando ya waraka ni ~WRD, uhifadhi huenda ulikatika njiani na toleo jipya likawa pungufu. Na kwa kuwa docx ni kifurushi cha ZIP, ambacho orodha ya yaliyomo huandikwa mwishoni, faili iliyokatika aghalabu hukataa kufunguka kwa njia ya kawaida. Zikiwapo zote mbili na waraka wenyewe haupo, programu ilikatizwa katikati ya kubadilisha majina, na hapo kufuta ni kupoteza kila kitu. Njia salama ni kunakili mabaki hayo katika folda nyingine, kubadilisha kiendelezi kuwa docx, kuyafungua na kuyasoma.

Katika folda za pamoja za ofisi, chanzo cha mabaki mara nyingi ni ruhusa: mtumiaji aliyeruhusiwa kuandika bila kuruhusiwa kufuta huifanya Word ishindwe kukamilisha hatua za kubadilisha majina na kufuta, na mabaki huongezeka kila anapohifadhi. Kuyafagia bila kurekebisha ruhusa ni kazi isiyokwisha.

Faili zenye kiendelezi cha asd, ambazo kwa kawaida huandikwa kila baada ya dakika 10 kwa ajili ya uokoaji, zisiguswe hadi Word ifunguliwe tena na kuonyesha ilichookoa. Suala zito zaidi ni la usiri, hasa kwa anayechapa wasifu au mkataba kwenye kompyuta ya stesheneri: faili ya tmp iliyoachwa humo huweza kuwa na matini yote ya waraka hata baada ya waraka wenyewe kufutwa, na kwa kuwa baadhi yake hufichwa, mteja anapaswa kuomba vitu vilivyofichwa vionyeshwe, akague folda aliyoitumia, kisha afute yaliyo yake kabla ya kuondoka.