Uhakiki: Sura za Watanzania katika Filamu ya Pasolini

Mwaka 1970 Pier Paolo Pasolini, mshairi na mtengenezaji filamu wa Italia, alikamilisha filamu iitwayo Appunti per un'Orestiade africana, yaani madondoo ya Orestia ya Kiafrika. Sehemu kubwa ya picha zake zilipigwa Tanzania na Uganda. Kwa kuwa mhubiri naye huwasemea wengine kila Jumapili, yatupasa kuipima kwa makini. Je, Mtanzania aonekanaye humo ni mtu, ama ni kielelezo tu cha wazo la mwingine?

Orestia ni tamthilia tatu za Aeschylus, Mgiriki, zilizochezwa Athene mwaka 458 K.K. Orestes amemwua mama yake ili kulipa kisasi cha baba yake, na pepo wa kisasi wanamwandama. Mungu wa kike Athena anaweka baraza la hukumu, na pepo hao wanageuzwa kuwa walinzi wema wa mji. Pasolini aliona humo mfano wa Afrika iliyotoka kupata uhuru: ya kale yasiangamizwe, bali yapewe nafasi katika utaratibu mpya. Hivyo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinakuwa hekalu la Apolo, miti inakuwa pepo wa kisasi, na ngoma ya Wagogo inaonyesha kugeuzwa kwao.

Tumpe haki yake. Filamu ya Kimarekani Hatari!, iliyopigwa Tanganyika na kutolewa mwaka 1962, ilitukuza wazungu wakamataji wa wanyama na kumwacha Mwafrika nyuma yao. Pasolini aliwatafuta mashujaa wake miongoni mwa watu wa kawaida, akiwemo mkulima na mchuuzi wa sokoni.

Hata hivyo, watu hao hutazamwa tu. Asemaye ni yeye. Akimtafuta Elektra mwenye uchungu, analalamika kwamba wasichana wa Kiafrika hucheka tu. Hawaulizi wanacheka nini. Ngoma ya Wagogo ina maana yake kwa Wagogo wenyewe, lakini mtazamaji haelezwi. Picha za vita ya Biafra, pamoja na mateso yake halisi, zinafanywa kuwa vita ya Troya.

Pasolini aliwaonyesha picha hizo wanafunzi wa Kiafrika katika Chuo Kikuu cha Roma. Walipinga Afrika kufanywa kitu kimoja, na pia matumizi ya neno "kabila". Ni jambo la heshima kwamba aliyaacha maneno yao ndani ya filamu. Lakini aliyeulizwa ni msomi aliyeko Roma. Mama wa sokoni Kigoma hakuulizwa. Huku Mogitu, Mwiraqw na Mdatoga hukutana mnadani, na hakuna akubaliye uso wa mmoja uwe uso wa wote.

Katika filamu yake ya Injili ya Mathayo, ya mwaka 1964, Pasolini alitumia uimbaji wa Missa Luba kutoka Kongo. Huko tunasikia sauti za Waafrika pasipo kuwaona waimbaji. Katika filamu hii twaona nyuso pasipo kusikia sauti zao. Uwakilishi kamili unadai vyote viwili.

Katika Mwanzo 16, Abramu na Sarai wanamtaja Hajiri Mmisri kwa ujakazi wake tu. Ni malaika wa Bwana amwitaye kwa jina, na kumwuliza atokako na aendako. Naye akiisha kuulizwa, anathubutu kumpa Mungu jina.

Filamu hii inafaa kuonyeshwa vyuoni mwetu, sifa na kasoro zake zikijadiliwa pamoja. Nasi tujipime. Tunapopeleka picha za washarika wetu kwa sharika rafiki za Ulaya, tukiandika chini yake "mjane" au "mfugaji" bila jina wala idhini ya mwenyewe, tunatenda lile lile tunalomlaumu Pasolini. Kabla ya kumfanya mtu kuwa mfano wa mahubiri, kwanza tumwulize.