Vitu Vichache, Ufundi Mwingi: Sifa ya Mwoka Piza wa Napoli

Chakula chenye viungo vichache humdai mpishi ufundi mkubwa zaidi, kwa kuwa hakimwachii mahali pa kufichia kasoro. Jambo hili hudhihirika katika migahawa ya piza ya Napoli, kusini mwa Italia, na hasa katika ule wa Da Michele ulioko mtaa wa Cesare Sersale, ambao historia yake inaanzia mwaka 1870. Sifa ya mgahawa huo imejengwa juu ya aina mbili za piza: marinara, yenye nyanya, kitunguu saumu, oregano na mafuta bila jibini, na margherita, inayoongezewa jibini laini jeupe na majani ya mrehani. Wateja hupewa namba mlangoni, wakasubiri barabarani, kisha wakaketishwa kwenye meza za marumaru, ambako hawana haja ya kusoma orodha ndefu ya vyakula.

Kazi yenyewe huanza saa nyingi kabla ya mteja kufika. Kwa mujibu wa kanuni zilizosajiliwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2010 ili kuilinda piza ya Napoli, lita 1 ya maji hukandwa na takriban kilo 1.8 za unga wa ngano, gramu 50 hadi 55 za chumvi na gramu 3 tu za hamira. Donge huachwa liumuke kwa saa 2, likakatwa matonge, nayo yakaachwa tena kwa saa 4 hadi 6. Hewa inayojikusanya humo polepole ndiyo mali ya fundi, na kwa sababu hiyo hagusi kabisa kifimbo cha kusukumia, ambacho kingeikamua yote. Huusukuma unga kwa vidole kutoka katikati kwenda pembeni, akaugeuza na kuupigapiga mezani kwa kiganja, hadi katikati pabaki na unene wa milimita 4 hivi, huku ukingo, ambao Waitaliano huuita cornicione, ukiwa umehifadhi hewa ya kuutunisha motoni.

Tanuri la kuni, lenye paa la kuba na sakafu iliyofikia nyuzi 485 hivi za Selsiasi, huivisha piza kwa sekunde 60 hadi 90, muda usiotosha kuukausha unga. Ndiyo maana piza hiyo hubaki laini kiasi cha kukunjwa nusu, kisha nusu tena, na kuliwa mkononi mtu akitembea. Moto huo mkali haumpi mwokaji nafasi ya kusahihisha kosa. Upande ulioelekea kuni huiva kwanza, basi yeye huinua ukingo kwa koleo la chuma, akachungulia rangi ya chini, akaizungusha piza na kuirudisha palepale ilipokuwa, kwa sababu sehemu hiyo ya sakafu imekwisha kupungua joto, ilhali sehemu mpya ingeiunguza.

Mwaka 2017 UNESCO iliingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika sanaa ya pizzaiuolo, yaani fundi wa piza wa Napoli. Heshima hiyo ilimwendea aliyestahili, kwa maana vipimo vya unga na chumvi vinaweza kuchapishwa na kusomwa popote, lakini uwezo wa kutambua kwa kugusa kwamba donge limeumuka vya kutosha, au kwamba joto la siku hiyo linadai hamira ipunguzwe, hupatikana kwa kusimama kando ya bingwa kazini kwa muda mrefu. Linalostahili sifa zaidi ni kwamba umakini wote huo umetumika kwa chakula kilichoanzia kwa maskini wa mji na ambacho hadi leo mtu wa kipato cha kawaida anakimudu. Fundi anayempa kibarua na tajiri piza ileile, iliyookwa kwa uangalifu uleule, anathibitisha kila siku kwamba kitu bora ni haki ya kila mtu.