Ngozi Hulia

Mwambie mtu wa Dar es Salaam kwamba Toyota ya kifahari kuliko zote ina viti vya kitambaa, uone atakavyocheka. Kwetu mwenye fedha hukalia ngozi. Lakini Toyota Century, gari la mawaziri na mabosi wa Japani, ambalo toleo lake maalumu humbeba Mfalme, huja na viti vya sufu. Ngozi huwekwa kwa anayeitaka. Sababu yake ilinifanya nilipende gari ambalo sijawahi hata kulipanda: ngozi hulia. Abiria akijigeuza kidogo tu, kiti kinanong'ona. Sufu hunyamaza.

Gari lilizinduliwa 1967, miaka 100 tangu azaliwe Sakichi Toyoda, mvumbuzi wa mitambo ya kufumia nguo. Gari la kumkumbuka mtu wa vitambaa, na viti vyake kitambaa! Labda ni sadfa. Mimi sitaki iwe sadfa.

Toleo la 1997 lilipewa injini ya lita 5 yenye silinda 12, safu mbili za sita sita. Safu moja ikigoma, nyingine imfikishe mzee aendako. Wengine injini kama hiyo wangeiacha ingurume mtaa mzima ujue nani kapita. Hawa waliihangaikia isisikike. Hata jina la Toyota hulikuti usoni mwa gari. Pana ndege wa hadithi tu, feniksi. Kizuri chajiuza, tunasema. Hiki hata kujiuza kinaona haya.

Ila kinachonikosesha usingizi ni rangi. Nyeusi ya toleo la 2018 ina matabaka saba, na katikati ya kazi hupigwa msasa wa maji, kisha husuguliwa mpaka iwe kioo. Nikisoma hayo namkumbuka fundi mmoja wa rangi pale Gerezani, Dar es Salaam. Akimaliza msasa alikuwa anafumba macho, anapitisha kiganja kwenye bodi polepole, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Akifika mahali anasimama. "Hapa," anasema. Mimi nakodoa macho, sioni kitu. Yeye ameshachovya msasa kwenye ndoo, anaanza upya, na mwenye gari kule nje anapiga honi kwa hasira. Hakulipwa hata senti kwa ile "hapa" yake, na asingeirudia, hakuna ambaye angejua.

Siku hizi natajiwa magari ya kifahari kwa ukubwa wa skrini na wingi wa taa za ndani. Sawa. Lakini nguzo ya nyuma ya Century, kando ya mlango wa abiria, imeng'arishwa kwa nia mahususi: mgeni akishuka, kabla hajapiga hodi, ajitazame pale na kuiweka tai yake sawa.