Sisi Tunaongoja Nje

Filamu ya Love Actually (2003) inaanzia mahali wasafiri wanapopokewa Heathrow, London. Watu wanakumbatiana, wanabusiana, watoto wanabebwa juu juu. Hao si waigizaji. Kamera zilifichwa, zikawanasa wasafiri wa kweli, kisha wakafuatwa kuombwa ruhusa. Kwangu mimi hakuna sehemu tamu kuliko hiyo kwa filamu nzima, na ndiyo hiyo inaharibiwa na sauti ya Hugh Grant, anayetueleza tunachokiona kabla hatujakiona: upendo, kila mahali upendo. Kwani nani amemuuliza?

Raha ya kutazama watu eapoti ni kutojua. Mzee wa suti ameshika maua, bado yako kwa plastiki, na kila mlango ukifunguka anachungulia. Anamngoja mke? Binti aliyepotelea ng'ambo? Ama ametumwa na kazi? Kichwa chako kinaanza kutunga. Halafu mgeni anatokea, hadithi yako inakufa, na ile ya kweli inakuwa ndogo na nzuri zaidi: wanasalimiana kwa mkono, basi, wanaanza kubishana nani atasukuma troli.

Alain de Botton anaielewa raha hii. Mwaka 2009 wenye Heathrow walimwalika akae wiki moja, wakamwekea meza kwenye ukumbi wa kuondokea wa Terminal 5, na hapo kikatoka kitabu chembamba, A Week at the Airport. Anapotulia na wapenzi wanaoagana, anaandika vizuri, hana haraka. Shida ni mwaliko wenyewe. Mgeni wa mwenye nyumba anafunguliwa kila mlango: anafika kunakopikwa chakula cha ndege, kwa kasisi wa uwanja, hadi kwa bosi wa British Airways. Lakini hakuna mtu anayemngoja. Na asiyengoja mtu hutazama kama mtalii.

JKIA hali ni tofauti. Bila tiketi huingii ndani, kwa hivyo machozi yote na vigelegele vyote viko nje, kwenye lami. Ukoo mzima umejaa matatu moja kumsindikiza mtu mmoja. Begi limepita kilo 23, limefunguliwa hapo chini, na unga, majani chai na omena vinapigiwa kura mbele ya kila mtu. Tazama kinachorudishwa nyumbani na kinachobaki. Utaijua hiyo familia kuliko ungesoma kurasa ishirini.

Kisha kuna wale wasichana wanaoenda Saudia na Qatar kufanya kazi za nyumba, wamekaa pamoja, bahasha za karatasi mapajani. Hao tushawaandikia mwisho kabla hawajafika mlangoni: maskini, wanaenda kuteswa. Mateso yapo, na kuna waliorudi kwa jeneza. Hilo halina mjadala. Lakini ukimtazama mtu huku umeshajua, hujamtazama. Mmoja anapiga selfi. Mwingine anamfunza mamake kupokea simu ya video, kwa mara ya tano, bila kukasirika. Mwingine anacheka mpaka anashikilia ukuta. Yule anayelia ameinua macho, amekuona ukimwangalia, na pengine yeye pia anajiuliza wewe umekuja kungoja nani.

Hapo ndipo filamu na kitabu vyote viwili vinaniacha na njaa. Filamu inajua mapema mno. Kitabu kinajua kungoja kidogo, ila kimekaa upande wa ndani. Nataka mwandishi wa huku aliyesimama nje na jamaa zake, miguu ikimuuma, ndege imechelewa. Asianze na upendo. Asianze na mateso pia. Aanze na lile begi lililofunguliwa, atuambie nani aliamua omena ibaki.